Amplifaya ya Simu na Betri Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Kisumu hadi Nakuru

Ukurasa huu ni wa mafundi wa simu wa Kisumu, Kakamega, Kericho na Nakuru, pamoja na mwenye simu anayetaka kujua kwa nini betri yake humfikisha jioni akiwa mjini, lakini akivuka kwenda kisiwa cha Mfangano inakata saa nane mchana. Karibu kila jibu linazunguka kijisanduku kimoja cheusi kwenye bodi, chenye milimita chache kila upande: amplifaya ya nguvu. Mafundi huiita PA, nasi tutaiita hivyo.

PA hufanya kazi gani hasa?

Redio ya simu ina pande mbili, kusikia na kusema. Kusikia ni rahisi kwa betri. Kusema ndiko kunakogharimu, na PA ndiyo mdomo. Inapokea wimbi dogo kutoka IC (chipu) ya redio, la takriban miliwati moja, inalikuza hadi miliwati mia kadhaa au hata wati 2, kisha wimbi linapita kwenye swichi, filta (kichujio) na dupleksa (kitenganishi cha kutuma na kupokea) hadi antena. Anayelengwa si yule unayeongea naye bali mnara, ule ambao wengi huku wanauita busta.

Simu ya 4G haina PA moja. Fungua kifuniko cha bati kwenye bodi utakuta mbili, tatu au zaidi: moja ya bendi za chini kama 800 na 900 MHz, nyingine ya bendi za kati kama 1800 na 2100, na pengine ya bendi za juu zaidi. Ndiyo maana simu inaweza kukataa 3G huku 2G ikiendelea vizuri. Imekufa PA moja tu, au njia yake moja.

Ufanisi wake unahesabiwaje?

Chukua nguvu ya redio inayotoka, ugawanye kwa nguvu ya umeme inayoingia. PA inayotoa miliwati 400 huku ikila wati 1 ina ufanisi wa asilimia 40. Miliwati 600 zilizobaki ni joto, lile unalolisikia kwenye shavu baada ya dakika ishirini za maongezi.

Hesabu hiyo ni ya PA peke yake, nayo huficha mengi. Kinachofika kwenye mnara ni kile kilichotoka antenani. Simu ya 4G kwa kawaida inaruhusiwa kutoa 23 dBm (desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati moja) antenani, yaani miliwati 200. Ikiwa dupleksa, swichi na laini za bodi zinakula desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, PA inalazimika kutoa miliwati 400 ili 200 zifike. Kwa ufanisi wa asilimia 40 hiyo ni wati 1, ambayo kwenye betri ya volti 3.8 ni kama mA 263. Ufanisi ukishuka hadi asilimia 20, ni wati 2, mA 526, kwa miliwati 200 zilezile. Ukihesabu kutoka betri hadi antena, unapata asilimia 20 katika hali ya kwanza na 10 katika ya pili.

Kariri namba tatu. Desibeli 1 ikipotea, imekwenda moja ya tano ya nguvu. Desibeli 3, nusu. Desibeli 10, sehemu tisa kati ya kumi. Fundi anayezijua ataacha kudharau kiunganishi kilicholegea.

Kwa nini PA isitengenezwe iwe na ufanisi wa asilimia 90 tuachane na haya?

Kwa sababu transista inayokuza wimbi bila kulipotosha lazima ishikilie volti na karenti kwa wakati mmoja, na volti mara karenti ndiyo joto. PA hugawanywa kwa madaraja kulingana na inavyoendeshwa. Daraja la A, ambalo ndilo safi kuliko yote, haliwezi kupita asilimia 50 hata kwenye karatasi. Daraja la B linafika 78.5 kwenye karatasi, lakini linakwaruza wimbi pale linapovuka sifuri. PA nyingi za simu huwekwa katikati, daraja la AB.

Hata hivyo ugonjwa wenyewe hauko kileleni. Namba hizo zote ni za PA ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, na simu hufika huko mara chache. Ukishusha nguvu hadi robo, yaani desibeli 6 chini ya kilele, daraja la B linabaki na asilimia 39, na daraja la A linaanguka hadi 12.5. Ni kama matatu ya abiria kumi na wanne inayotoka Kondele kwenda Kakamega ikiwa na abiria wawili. Mafuta hayapungui kwa kiasi cha viti vilivyo wazi.

Tazama mfano. Simu iko mjini Nakuru karibu na mnara, na inahitaji PA itoe miliwati 10 tu. PA yake inalishwa moja kwa moja na betri ya volti 3.8, na hata bila kazi inavuta mA 80. Hiyo ni miliwati 304 kwa ajili ya 10: ufanisi wa asilimia 3. Sasa weka konvata inayoshusha volti ya PA hadi 1.2, na uibadilishe PA yenyewe iingie hali ya nguvu ndogo ambapo inavuta mA 45. Ni miliwati 54. Ukiongeza hasara ya konvata yenye ufanisi wa asilimia 85, betri inatoa kama 64. Ufanisi umepanda hadi karibu asilimia 16, na matumizi yameshuka karibu mara tano. Kwenye PA yenyewe hakuna maajabu yaliyofanyika. Imenyimwa tu volti isiyoihitaji.

Mbona kabambe (simu ndogo ya vitufe) hukaa siku nne na simu ya 4G haimalizi siku?

Skrini ndiyo sababu ya kwanza, tusidanganyane. Lakini upande wa redio nao una lake.

Wimbi la 2G ni la kimo kimoja. Taarifa imebebwa kwenye mzunguko wa wimbi, si kwenye kimo chake. PA inaweza kusukumwa mpaka ishibe kabisa, yaani ifike ukomo wa nguvu zake, mahali ambapo ufanisi wake ni karibu asilimia 50, na hakuna kitakachoharibika. Zaidi ya hapo, simu ya 2G husema kwa zamu: mikrosekunde 577 kila milisekunde 4.615, yaani moja ya nane ya muda. Ile tri-tri-tri unayoisikia kwenye spika ya redio simu inapotaka kuita ni PA ikiwaka na kuzima mara 217 kwa sekunde.

Wimbi la 4G hupanda na kushuka. Vilele vyake vinaweza kuzidi wastani kwa desibeli 5 au zaidi, na PA ikikata vilele hivyo, uchafu unamwagika kwenye chaneli ya jirani. Kanuni za LTE, yaani teknolojia ya 4G, zinadai uchafu huo uwe chini kwa angalau desibeli 30. Basi PA inaachiwa nafasi juu ya kichwa, inafanya kazi chini ya kilele, na tumeshaona chini ya kilele kuna nini. Waliotunga LTE walilijua hili: mnara hutumia mbinu ya kupanga wimbi iitwayo OFDM kuongea na simu, lakini simu huongea na mnara kwa nyingine, SC-FDMA, ambayo vilele vyake ni vifupi zaidi. Uamuzi huo ulifanywa kwa ajili ya PA na betri.

APT na ET ni nini? Naziona kwenye skimatiki (mchoro wa saketi).

APT (Average Power Tracking) ni ile konvata ya mfano wa Nakuru hapo juu. Volti ya PA hufuata wastani wa nguvu inayohitajika na hubadilishwa kila nguvu inapobadilika. Kwenye bodi utaitambua kwa koili nene karibu na PA, kwa kawaida ya mikrohenri 1 hadi 2.2.

ET (Envelope Tracking) inakwenda mbali zaidi. Volti haifuati wastani bali inafuata kimo cha wimbi lenyewe, kikipanda inapanda, kikishuka inashuka, mamilioni ya mara kwa sekunde. PA inabaki karibu na kushiba muda wote, na karibu na kushiba ndiko ufanisi uliko. Simu ya kwanza kuuzwa ikiwa na ET ilikuwa Samsung Galaxy Note 3 ya mwaka 2013, kwa IC ya Qualcomm QFE1100.

ET ina masharti yake. Konvata ya kawaida haiwezi kukimbia kasi hiyo, kwa hiyo huchanganywa sehemu mbili: swichi inayobeba mzigo mwingi taratibu, na amplifaya ndogo ya haraka inayojazia. Amplifaya hiyo nayo inakula. Ukizidisha ufanisi wa asilimia 75 wa mlishaji, yaani sehemu hizo mbili pamoja, kwa 60 wa PA unabaki na 45, si 60. Volti na wimbi visipofika kwenye transista kwa wakati mmoja, hata kwa kuachana nanosekunde chache, uchafu wa chaneli ya jirani unapanda. Kwa nguvu ndogo gharama ya ET inazidi faida yake, kwa hiyo simu hurudi APT. Na chaneli za 5G zenye upana wa MHz 100 ni mbio ngumu kwa mlishaji, ndiyo maana ET hutumika zaidi kwenye chaneli nyembamba kuliko hizo.

Na Doherty?

Ni mbinu ya mwaka 1936 ya William H. Doherty wa Bell Labs: PA mbili, moja ya kila siku na nyingine inayoamka vilele vikija. Kwenye minara imeenea sana. Kwenye simu ina shida mbili. Inahitaji kipande cha laini chenye robo ya urefu wa wimbi, ambayo kwa 900 MHz hewani ni sentimita 8.3, kwa hiyo inabidi kuigiza kwa koili na kapasita na kubanwa kwenye bendi nyembamba. Ya pili ni mkono wako: ukiishika simu mzigo wa antena unabadilika, na Doherty haipendi mzigo unaobadilika.

Nikifunga simu kwenye 2G betri itadumu?

Inategemea unafanya nini. 2G kwa nguvu kamili kwenye 900 MHz ni wati 2, lakini kwa moja ya nane ya muda, wastani wa miliwati 250. 4G ni miliwati 200, na maongezi kupitia 4G hutuma vipande vidogo na kunyamaza katikati. Kwa maongezi peke yake mahali penye mtandao mzuri tofauti ni ndogo.

Panapobadilika ni hapa: kijijini ambako 4G ni dhaifu na 2G ina nguvu, simu inayong'ang'ania 4G huhama huku na huku, na kila kuhama ni PA kuwaka. Hapo kufunga simu kwenye 2G kunasaidia kweli. Lakini ukiifunga kwenye 2G kisha utume video ya harusi kwa WhatsApp, PA itakesha kwa kazi ambayo 4G ingeimaliza kwa dakika moja.

Nikiwa Mbita au kisiwani betri inakwisha haraka kuliko Kisumu mjini. Ni simu mbovu?

Pengine ni nzima kabisa. Mnara huiambia simu ipandishe au ishushe nguvu, na kila desibeli 10 za ishara zinazopotea njiani simu hudaiwa nguvu mara kumi, mpaka ifike ukomo wake. Juu ya ziwa wimbi husafiri mbali kwa sababu hakuna kizuizi, hivyo simu ya mvuvi inaweza kushika mnara ulioko kilomita nyingi; 2G kwa mpangilio wa kawaida huruhusu hadi kilomita 35. Inaushika, lakini PA iko ukomoni kila inaposema. Ni hivyo pia ndani ya basi kati ya Londiani na Mau Summit, ambako milima inazima mnara mmoja kabla ya mwingine kuonekana.

Usiangalie vijiti vya mtandao, kila kampuni huchora vyake. Kwenye simu nyingi za Android fungua Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM, usome nguvu ya ishara kwa dBm. Kwa 4G, −80 ni raha. −95 ni kawaida. Ikifika −110 PA inatoka jasho. Nyumba ya mabati hupunguza sana, maana bati hurudisha wimbi lilikotoka. Sogeza simu dirishani upande wa mnara, usome tena. Kupata desibeli 10 kwa hatua tano za miguu si ajabu, na hakuna programu yoyote itakayokupa hizo.

Programu za kuokoa betri husaidia PA?

Hazina njia ya kuigusa. Kinachosaidia ni kupunguza kutuma: zima kupandisha picha kwenye wingu kwa data ya simu, usiache mahali pako pakirushwa kila dakika. Kupakua filamu kunakula skrini na kipokezi. Kupandisha ndiko kunakokula PA.

Nimebadilisha skrini, sasa mtandao umeshuka na simu inachemka. Fundi anasema ni PA.

Kabla ya kuigusa PA, tafuta waya mwembamba mweusi, mweupe au wa buluu unaotoka bodi kuu kwenda kibodi cha chini chenye chaji. Huo ni waya wa antena. Kila upande una kifungo cha duara cha milimita mbili hivi, na kinatakiwa kulia tik kinapoingia. Katika kubadilisha skrini au betri hufunguliwa, na mara nyingi hurudishwa kikiwa kimekaa juu tu bila kuingia. Ishara inavuka pengo kidogo, simu inashika mtandao, lakini desibeli 10 au 20 zimepotea pande zote mbili, kusikia na kusema. PA inapandishwa hadi ukomo, inachemka, na lawama zinaiangukia.

Ukishamaliza waya, angalia vile vijiulimi vya shaba vinavyogusa antena iliyo kwenye fremu au kifuniko. Kwenye simu za ufuoni huota kijani kwa unyevu na jasho. Safisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na brashi ya meno, inua kijiulimi kwa kibano kwa upole ili kiguse tena. Usikwangue kwa wembe, utaondoa dhahabu iliyopakwa na kutu itarudi wiki ijayo.

Kava nayo ihesabu. Plastiki na silikoni hazina neno. Bamba la chuma la kushikia simu kwenye pikipiki, likibandikwa juu ya antena ya chini, linaweza kula zaidi ya nusu ya nguvu.

Simu inazima nikibonyeza kupiga, lakini muziki inacheza vizuri. PA imeungua?

Anza na betri. Kwenye 2G PA inavuta kama ampea 1.5 kila zamu yake. Betri mpya ina ukinzani wa ndani wa takriban omu 0.1 hadi 0.15, kwa hiyo volti inaanguka 0.2 tu. Betri iliyochoka yenye omu 0.35 ikiwa kwenye 3.7 itaanguka kwa zaidi ya nusu volti hadi karibu 3.15, na simu nyingi hujizima hapo. Muziki hauvuti hivyo, ndiyo maana unapita.

Ushahidi: toa betri, unganisha pawa saplai ya volti 4.0. Weka ukomo wa ampea 3. Hapa ndipo wengi wanateleza: wanaweka ukomo wa ampea 1 kwa kuogopa kuunguza, simu inawaka hadi nembo, inatafuta mtandao, PA inaomba ampea 1.5, saplai inakata, simu inajiwasha upya, na fundi anaandika kwenye karatasi "bodi mbovu".

Nitajuaje PA imekufa kweli?

Fuata mpangilio huu.

Kwanza, ingia kwenye mipangilio ya mtandao na utafute mitandao kwa mkono. Simu ikionyesha orodha ya kampuni lakini ikashindwa kujisajili kwenye hata moja, inasikia ila haisemi, na PA au njia yake ndiyo mshukiwa. Ikikosa hata orodha, tatizo liko kwenye antena, swichi ya antena au IC ya redio, usipoteze muda kwenye PA. IMEI (namba ya utambulisho ya simu) ikiwa haipo kabisa, hilo ni jambo la besibendi (sehemu inayoendesha mawasiliano ya mtandao) na kumbukumbu.

Pili, jaribu bendi tofauti kwa kulazimisha 2G, kisha 3G, kisha 4G. Ikifa aina moja tu, fungua skimatiki uone PA ipi inahudumia bendi hiyo.

Tatu, angalia karenti. Unganisha pawa saplai bila kubonyeza kitufe cha kuwasha. Inatakiwa kusoma karibu sifuri. Ikisoma mA 200 au zaidi, kuna shoti kwenye laini ya betri, na PA za zamani hulishwa moja kwa moja na laini hiyo. Pima kwa multimita kwenye hali ya dayodi: 0.3 hadi 0.5 ni kawaida, 0.00 ni shoti. Kuitafuta, paka spiriti juu ya bodi, ingiza volti 1 kwa ukomo wa ampea 2, utazame mahali spiriti inakauka kwanza. Mara nyingi ni kapasita ya kahawia pembeni ya PA, si PA. Iondoe hiyo kwanza, ni ya shilingi chache.

Nne, kwa simu zenye APT, pima volti kwenye koili ya konvata wakati wa simu. Multimita itakupa wastani tu, lakini inatosha. Karibu na mnara isome chini. Funga mkono kuzunguka antena, ipande. Ikikaa 3.4 hata simu ikiwa chini ya mnara, konvata haifuati amri, na PA itachemka mchana kutwa ingawa ni nzima. Ikisoma 0, konvata imekufa au laini yake imekatika.

Zile koili na kapasita ndogo baada ya PA, naweza kuzijampa (kuziruka kwa waya)?

Fikiria kwanza zinafanya nini. PA ya 2G itoe wati 2 kutoka volti 3.4: mzigo inaoutaka ni volti mara volti, gawanya kwa mbili mara nguvu, yaani 3.4 × 3.4 ÷ 4, karibu omu 2.9. Antena ni omu 50. Bila kitu cha kugeuza omu 50 zionekane kama 3, PA haiwezi kutoa nguvu hiyo, na inachotoa kinarudi kama joto. Siku hizi kazi hiyo kubwa iko ndani ya moduli yenyewe, na vipande vya nje hurekebisha mwisho wake.

Kuweka waya mahali pa koili ya nanohenri chache kunaweza kurudisha mtandao kwenye meza yako na kuacha simu ikila betri. Kujampa filta ni vibaya zaidi: maradufu na mara tatu ya mzunguko wa wimbi vinatoka antenani kuchafua hewa ya wengine. Chukua kipande kutoka bodi ya simu ya aina ileile.

Hatua za kubadilisha PA ni zipi?

Pata moduli yenye namba ileile kabisa. Kama imekaa wazi miezi kadhaa imenyonya unyevu, na joto la ghafla litaipasua ndani kwa mlio mdogo. Ikaushe kwa nyuzi 125 kwa saa kadhaa, ikiwa nje ya ukanda wake wa plastiki.

Ondoa betri, funika kamera na viunganishi vya plastiki kwa tepu ya joto. Pasha bodi kutoka chini hadi nyuzi 120 hadi 150. Weka flaksi (dawa ya kusaidia risasi kushika) pembeni, bloa kwenye nyuzi 350 hivi na upepo wa wastani, zungusha badala ya kusimama mahali pamoja. Risasi ya kulehemu (solda) isiyo na ledi huyeyuka kwenye 217 na kuendelea, kwa hiyo subiri moduli iogelee yenyewe; ukiinyofoa itatoka na padi (vibamba vya shaba vya bodi).

Padi kubwa ya katikati ndiyo roho ya kazi hii. Ni njia ya joto na pia ndiyo ardhi ya PA. Safisha kwa utambi wa shaba, paka risasi mpya nyembamba na sawasawa. Risasi ikizidi, moduli inaelea juu na pini za pembeni hazigusi. Ikipungua, mashimo ya hewa yanabaki chini. PA yenye mashimo itafanya kazi leo, itapoteza ukuzaji ikipata joto, itaungua kabla ya mwezi kwisha. Ikishakaa, iguse kwa kibano ubavuni: ikisukumwa kidogo irudi yenyewe mahali pake.

Rudisha kifuniko cha bati. Wako wanaokiacha kwa kuwa simu "inashika tu". Bila kifuniko PA inaweza kujisikia yenyewe na kuanza kuvuma.

PA ya modeli nyingine yenye umbo lilelile itafanya kazi?

Kwa kabambe, wakati mwingine. Kwa simu za 4G, usitegemee. PA hizo huamriwa kidijitali, na simu husoma namba ya utambulisho ya moduli inapowaka. Isipoikuta inayoitarajia, bendi zinafungwa. Hata ikikubali, kiwandani kila simu ilipimwa na jedwali lake la nguvu likahifadhiwa kwenye kumbukumbu. PA ya ukuzaji tofauti kwa jedwali lilelile itatoa nguvu isiyo sahihi, pungufu ikikosa mnara au zaidi ikichoma betri. Ndiyo sababu pia usifute sehemu ya besibendi unapofleshi (kuweka upya programu ya simu): jedwali likipotea PA nzima inageuka kipofu.

Ninunue kifaa cha kuongeza mtandao nyumbani?

Kinachorudia ishara kinapaswa kuwa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na vingi vinavyouzwa kimyakimya havina kibali. Vikivuma vinaziba mnara wa kijiji kizima. Kwa nyumba ya bati yenye Wi-Fi, washa kupiga simu kupitia Wi-Fi kama laini na simu yako vinakubali. PA ya simu inapumzika, ile ya Wi-Fi ni ndogo sana.

5G imekuja. Itamaliza betri zaidi?

Kisumu na Kakamega zilikuwa kati ya miji minne ya mwanzo Safaricom ilipojaribu 5G Machi 2021, kwa hiyo swali hili huulizwa sana huku. Baadhi ya bendi za 5G huruhusu simu kutoa 26 dBm, mara mbili ya 4G, na simu nyingi za 5G hubaki zimeshika 4G wakati huohuo, PA mbili zikiwaka pamoja. Kwa upande mwingine faili linamalizika kutumwa mapema na PA zinalala. Ukiwa mjini katikati, iache. Ukiwa pembeni ambako alama ya 5G inakuja na kutoweka kila dakika, weka 4G, usome dBm, ulinganishe betri ya siku mbili.